Vizuizi Huanzia Kwenye Andalio la Somo

Walimu wakuu, walimu wenzangu, na wazazi mliofika,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa somo linaloweza kufikiwa na wanafunzi wote, nami nitaanza na andalio la somo, kwa sababu vizuizi vingi hujengwa humo kabla mwalimu hajaingia darasani. Tumezoea kuandaa somo tukimfikiria mwanafunzi mmoja: anasikia vizuri, anauona ubao hata akiketi nyuma, anasoma na kuandika kwa haraka, na lugha ya kufundishia anaimudu. Wasiofanana naye huja kutafutiwa msaada baadaye, muda ukiruhusu. Lakini katika darasa moja la mtaa wa Eastlands, Nairobi, utamkuta mwenye uoni hafifu ambaye hajawahi kupimwa macho, mwenye usonji anayevurugwa na kelele, aliyehamia muhula huu kutoka kaunti ya mbali, na asiye na ulemavu wowote ila amekuja bila kula.

Sheria imekwisha kusema lake. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano, na Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kinachotakiwa sasa ni haki hizo zionekane katika kipindi cha Jumanne asubuhi.

Mtazamo ninaoutetea ulianzia kwa wasanifu majengo. Ron Mace, msanifu Mmarekani aliyetumia kiti cha magurudumu, alihimiza majengo yachorwe tangu mwanzo yakiwa yanatumika na kila mtu. CAST, shirika la utafiti wa elimu lililoanzishwa jimboni Massachusetts mwaka 1984, likaupeleka mtazamo huo katika ufundishaji: mwalimu apange njia zaidi ya moja za kuwavuta wanafunzi katika somo, za kuwafikishia maarifa, na za kuwawezesha kuonyesha walichojifunza.

Tuchukue somo la sayansi kuhusu jinsi maji yanavyogeuka kuwa mvuke. Andalio linasema: "Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kuandika aya inayoeleza kwa nini nguo zilizofuliwa hukauka." Katika sentensi hiyo mwanafunzi anadaiwa mambo mawili, kueleza na kuandika, ilhali somo ni moja tu. Badilisha isomeke "aweze kueleza", nawe utakuwa umemfungulia mlango kiziwi atakayeeleza kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, atakayeeleza kwa mdomo, na yule atakayechora kamba ya nguo, jua na upepo, kisha aweke mishale. Wape vitambaa viwili vilivyoloweshwa, kimoja kikitandazwa juani na kingine kikikunjwa kivulini, na baada ya muda kila mmoja avishike. Asiyeona ataitambua tofauti kwa vidole vyake, na mwenzake anayeona naye atanufaika kwa kugusa. Sayansi haikupunguzwa hata kidogo. Hata hivyo, kama kipindi ni cha insha, kuandika ndilo somo lenyewe, na hapo msaada utafutwe kwingine: muda zaidi, karatasi yenye mistari mipana, au orodha ya msamiati. Kutenganisha lengo na njia ya kulifikia ndiyo kazi kubwa ya andalio, na kwa maoni yangu ndiyo tunayoifanya kwa haraka mno.

Ubao nao unahitaji kuangaliwa. Mwalimu anayezungumza huku akiandika amewapa wanafunzi mgongo, na anayefuata maneno kwa kutazama midomo amekwisha kuachwa. Aandike kwanza, ageuke, kisha azungumze. Kilichoandikwa kisomwe kwa sauti, na mchoro uelezwe kwa maneno, sio kuonyeshwa kwa kidole na kuitwa "hiki hapa". Mvua inapopiga mabati hakuna anayesikia vizuri, kwa hiyo maagizo yaliyoandikwa ubaoni yatawafaa wote.

Naomba tusichanganye haya na imani iliyoenea kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho na wengine kwa masikio, na kwamba tuwagawe hivyo. Mwaka 2008, mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti wakionyesha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuegemeza ufundishaji kwenye mgawanyo huo. Njia nyingi huwekwa mbele ya darasa zima, na mwanafunzi yuleyule anaweza kuhitaji mchoro leo na mazungumzo kesho.

Najua wengi wenu mna madarasa yaliyojaa kupita kiasi, na sidai andalio pekee litaondoa uhaba wa walimu, wakalimani na vitabu vya Breli. Mzigo huo ni wa serikali, na tuendelee kuidai. Walimu wakuu nao wanaweza kuwatengea walimu wa gredi moja saa ya kuandaa masomo pamoja, wakimshirikisha mwalimu aliyesomea elimu maalum, mahali alipo.

Limebaki la majaribio. Baraza la Kitaifa la Mitihani huwapa watahiniwa wenye ulemavu muda wa ziada, karatasi za Breli na zenye maandishi makubwa. Jaribio la Ijumaa, ambalo mwalimu hulitunga mwenyewe, halihitaji kibali cha ofisi yoyote ili maandishi yake yakuzwe, muda uongezwe, au mtoto mmoja aitwe mezani ajibu kwa mdomo.