Gonga kwanza, msasa baadaye: maongezi na mafundi wa boti, Kunduchi

Haya jamani sogeeni huku kivulini, jua la saa tano halina adabu. Nimeambiwa niongee nusu saa ya mtiki alafu nusu saa ya faiba, yani nyuzi za kioo zilizogandishwa na rezini, sasa mi siwezi kuvitenganisha, maana kwenye boti ya zamani ugonjwa ni mmoja, unaingilia kwenye mtiki unaenda kulala ndani ya faiba.

Mwaka juzi nimeitwa kwenye boti moja ya futi 28, ya miaka ya sabini, mwenyewe shida yake ndogo tu, eti mbao za pembeni zimekuwa kijivu anataka zing'ae. Kijivu sio ugonjwa. Mtiki ukipigwa jua na chumvi lazima ugeuke kijivu, ndani mafuta yake bado yapo, ndo maana wazee wa majahazi, wao wanauita msaji, waliupenda. Unaosha kwa sabuni na brashi laini, unasugua kukatisha nyuzi za mbao, ukifuata nyuzi unachimba nyama laini unabaki na mifereji tu. Na zile mashine za kuoshea magari ziacheni huko huko kwenye magari.

Basi kabla sijashika msasa nikatoa sarafu ya mia mbili nikaanza kugonga deki, ile sakafu ya juu ya boti. Ngo, ngo, ngo, safi. Nikasogea karibu na mkanda wa mtiki: bu, bu, kama unagonga papai. Nikafungua skrubu moja ikatoka na maji ya kahawia, rangi ya chai kabisa, na harufu ya tope la mikoko. Maana deki ya faiba mara nyingi sio pande moja, ni ngozi mbili nyembamba katikati kuna balsa, ule ubao mwepesi, au plaiwudi, na yule fundi wa kwanza alitoboa, akapaka gundi, akapiga skrubu, miaka zaidi ya 40 gundi imeshakauka, kila mvua maji yanashuka na meno ya skrubu mpaka ndani. Juu mtiki mzuri, chini uji. Mwenye boti alinuna, akadhani namtafutia bili, nikampa sarafu agonge mwenyewe, akanyamaza.

Sasa hapo unakata ngozi ya juu na grinda, unaitunza utairudisha, unatoa kilichooza mpaka ufike pakavu, alafu unaacha pakauke kweli, sio kukauka kwa mdomo. Ndo unapanga plaiwudi mpya kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya vitu viwili. Kingo za kiraka zichongwe mteremko, mara 12 ya unene, yani ngozi ya milimita 4 inataka mteremko karibu sentimita 5. Najua hampendi, unaona kama unaharibu sehemu nzima, ila kiraka kisicho na mteremko kimeshika ukingoni tu, boti ikipigwa mawimbi unaona ufa umefuata mstari ule ule.

Rezini ya poliesta, ile gundi ya maji inayogandisha nyuzi, ni rahisi bei lakini juu ya faiba iliyokauka miaka yote hiyo haishiki kama epoksi. Na ukitumia epoksi chukua kitambaa cha faiba cha kufumwa, ile mati ya nyuzi za kukatakata gundi yake inataka rezini ya poliesta ndo ilainike. Wanaobaki na poliesta, jamani hadina, ile dawa ya kugandisha, pimeni! Kwa joto letu gramu moja kwa gramu mia za rezini inaweza kutosha kabisa, nyie mnamwaga kwa macho. Mi mwenyewe siku moja nimechanganya ndoo, nikapokea simu, kurudi ndoo inafuka moshi na kitako kimelainika. Miwani vaeni, hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Na kobalti, ile dawa ya kuharakisha kuganda, na hadina msizikutanishe zenyewe, zinalipuka.

Kurudisha mtiki ndo penyewe. Kila tundu la skrubu toboa kubwa zaidi, jaza epoksi, ikikauka toboa upya katikati yake, hapo maji hata yakipenya yanakuta ukuta wa epoksi, balsa hayaioni. Mtiki ufute na asitoni alafu gundisha hapo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Silikoni hapana, nshawahi kuitumia nikajuta, iliachia, na pale ilipokaa hakuna rangi wala gundi inataka kushika. Skrubu usikaze kama ya gurudumu, utakamua gundi yote. Juu unaziba na kizibo cha mtiki, nyuzi zilale mstari mmoja na ubao, na patasi ya kwanza kata juu juu uone nyuzi zinapasukia wapi, zikishuka chini geukia upande wa pili.

Eh mzee wangu pale nyuma, mtiki ukikosekana? Longuza kule Muheza upo, chukua uliokomaa, ule mchanga ni mweupe na unaoza. Mninga nao unakubali.

Haya, ile boti ya bluu pale mnaiona, kila mtu atoe sarafu yake tuanzie omo, kule mbele. Ukisikia bu, piga chaki.