Mahindi yanaondoka Mei, bunga inarudi Januari

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi, katika ukumbi wa mtaa wa Katuba, mbele ya wanafunzi wa kilimo, wamama wa vikundi vya akiba na wakulima wa barabara ya Kasenga)

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa, jambo yenu wote.

Nimekuja na kitu kimoja mkononi. Kila mtu aliyekulia hapa anakijua: meka. Kwa kopo hili la bati tunapima mahindi, maharagi na bunga, yaani unga. Mama ulioko mbele, hebu ishike, upitishe kidole chini yake. Unasikia? Kitako kimegongwa kwa nyundo kikatokeza nje. Niliinunua Mei iliyopita kijijini, kwa mnunuzi aliyekuja na lori. Nilimwomba tupime wote wawili, na meka zake tano zikajaza sita za kawaida. Yaani mkulima aliyemwuzia meka mia moja alitoa mahindi ya meka mia na ishirini, na hizo ishirini hakulipwa hata franka moja.

Mtasema huyo ni mwizi. Ni kweli. Lakini mama aliyekuwa anauza anaijua meka kuliko mimi, na kitako kile alikiona. Nilimwuliza kwa nini aliuza hata hivyo. Akanijibu: "Baba, pesa ya mtihani wa taifa ya mtoto inadaiwa wiki hii. Na nyumbani sina pa kuyaweka. Yakikaa, fukusi watayamaliza."

Jibu lile ndilo mhadhara wangu wote wa leo. Mahindi yake yaliondoka Mei. Januari, shamba likiwa bado bichi, mama huyohuyo ananunua bunga ya kusonga bukari, na mara nyingi bunga hiyo imevuka Kasumbalesa kutoka Zambia. Mnakumbuka mwaka 2024. Februari Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yakawa haba, na sisi huku tukaona bei ya bunga ikipanda. Sisi wenye mito na udongo wetu tulikuwa tunasubiri habari za mvua ya Choma na Monze!

Kwa hiyo naanza na ghala, siyo trekta. Matrekta yalijaribiwa kule Bukanga Lonzo, mwaka 2014, kwenye mradi wa hekta 80,000, na kufikia 2017 kazi ilikuwa imesimama. Sitakaa hapo.

Ghala la kijiji linataka mambo mawili, mahindi makavu na hewa iliyofungwa. Vijana wa fakilte mna vipimo vyenu, mnajua unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Mkulima asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, atie punje kidogo na kijiko cha chumvi kavu, atikise, aiache kwa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji, arudishe juani. Ikianguka chini yote, yamekauka. Kisha yaingie kwenye gunia lenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, kila mfuko ufungwe peke yake, kwa nguvu. Fukusi waliomo wanavuta hewa yote iliyobaki, wanakosa pumzi, wanakufa bila dawa. Desemba nilifungua gunia la namna hiyo lililofungwa Mei. Nilizamisha mkono mpaka kiwiko, nikautoa bila vumbi lolote.

Na pesa ya mtihani je? Hapa nawageukia wamama wa akiba. Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Nawaheshimu kwa nidhamu hiyo, benki nyingi hazijafika huku na ninyi mko. Lakini vikundi vingi vinagawana pesa Desemba, kwa ajili ya sikukuu. Nawaomba mfikirie upya kalenda hiyo. Mkulima anabanwa Aprili na Mei. Sanduku likiwa limejaa wakati huo, mwanachama anaweka magunia kumi ghalani, anakopeshwa sehemu ya thamani yake, analipa mtihani, na mahindi yanasubiri bei. Lori likija likute watu wasio na haraka. Mkitaka kuuza pamoja kwa jina moja, sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao nchi yetu iliingia 2012, inaruhusu watu watano tu kuanzisha kooperativa ndogo.

Ghala halitoshi, maana faida kubwa iko kwenye kinu. Mahali mahindi yanaposagwa ndipo pumba zinapobaki, na penye pumba pana kuku na nguruwe. Leo pumba za vijiji vyetu zinalisha kuku wa mjini. Kinu cha mazutu, yaani dizeli, kipo vijijini, nakijua, na najua pia mazutu yanafika na bei gani baada ya barabara ile.

Swali ninaloulizwa kila mara: kwa nini tusivute umeme kwenye waya wa bwawa la Inga, ule unaopita juu ya vijiji mpaka Kolwezi tangu 1982, kilomita 1,700 hivi? Swali la haki kabisa. Umeme wa nyumbani hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana transfoma inaweza kuushusha. Ule wa Inga unakwenda upande mmoja tu, kwa volti laki tano, na transfoma haiushiki. Unahitaji kituo kikubwa cha kuugeuza, kama kile cha Kolwezi. Nawaambia hivi kwa sababu nimeona wazee wakingoja waya ule tangu ujana wao, na wanasiasa wakiwaahidi.

Tegemeo letu liko kwingine. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, kwa hiyo kampuni binafsi inaweza kuzalisha na kuuza umeme. Penye maporomoko madogo patumike. Pasipo na maporomoko, jua. Kuanzia Mei mpaka Septemba hatuna mvua, mbingu ni nyeupe, na hiyo ndiyo miezi ya kusaga. Kinu cha jua kikisaga mchana tu hakihitaji betri kubwa, na betri ndizo zinazokula pesa.

Pesa za kinu zitoke wapi? Kodeksi ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inasema mrabaha wa madini ugawanywe: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mji, komini, sekta au sheferi (eneo la chifu) penye mgodi, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake, mgodi utoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Ile 15% inalipwa moja kwa moja kwenye sheferi, haipiti Kinshasa. Basi mtu wa sheferi hiyo ana haki ya kuuliza kiasi gani kiliingia na kilijenga nini. Vijiji vya barabara ya Kasenga visivyo na mgodi haviguswi na 15%. Fungu lao liko ndani ya 25% ya jimbo, na mimi nasema barabara ya kutoa mahindi ihesabiwe humo kabla ya jengo lingine la ofisi mjini.

Naongeza neno juu ya makala, yaani mkaa, kwa sababu linaniuma. Aliyeuza mahindi kwa meka ya kitako kirefu, Agosti hana pesa tena. Anaingia msituni na shoka. Miti ya miyombo inakatwa, na pamoja nayo vinapotea vinkubala (viwavi vya kuliwa) na bowa (uyoga) ambavyo mama yake aliuza kila mwanzo wa mvua. Siwezi kumwambia aache, nikiwa mimi mwenyewe napikia makala yake hapa Katuba kila umeme unapokatwa. Nikitaka aweke shoka chini, nianze na bei ya mahindi yake.

Wenye magunia tutakutana Jumamosi, saa tatu asubuhi, hapahapa. Kila mmoja aje na punje za shamba lake, chupa kavu na kijiko cha chumvi. Meka hii nampelekea fundi bati kesho akirudishe kitako mahali pake. Jumamosi tutapimia hiyohiyo.