Nani Aketi, Nani Alipe: Mageuzi ya Vyombo vya Maendeleo Endelevu

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Mada niliyopewa ni ndefu, kwa hiyo nitaruka mengi. Ukiyasoma mashauriano yaliyovibadili vyombo vya Umoja wa Mataifa vya maendeleo endelevu, utakuta hotuba nyingi kuhusu sayari na vizazi vijavyo. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mambo mawili: nani aketi, na nani alipe.

Chukueni Tume ya Maendeleo Endelevu. Ilizaliwa baada ya mkutano wa mazingira na maendeleo wa Rio, Brazil, wa 1992, ikawa na wanachama 53 chini ya Baraza la Uchumi na Jamii, ikikutana New York kila mwaka. Waliofika walikuwa zaidi mawaziri wa mazingira. Wa fedha, ambao ndio wenye ufunguo wa hazina, hawakuwa na habari nayo. Mwaka 2007 kikao kilimalizika bila maafikiano, nishati na tabianchi zikiwa mezani. Mwaka 2011 mambo yakawa yaleyale, na mpango wa miaka kumi wa matumizi na uzalishaji endelevu ukaanguka pamoja na kikao. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Rio+20, mkutano wa miaka ishirini baada ya ule wa kwanza, mpango huo ukapitishwa. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya tume.

Kwa UNEP, yaani Programu ya Mazingira ya Umoja wa Mataifa, mvutano ulikuwa mkali zaidi. Iliundwa mwaka 1972 kwa azimio la Baraza Kuu, makao yakawa Nairobi, na baraza lake la uongozi likawa na viti 58. Umoja wa Afrika na Umoja wa Ulaya walitaka ipandishwe hadhi iwe wakala maalumu: mkataba wake yenyewe, wanachama wake, na michango ya lazima. Marekani ilikataa. Hata ndani ya Kundi la 77 na China, umoja wa nchi zinazoendelea, kauli haikuwa moja, maana wapo waliohofia kwamba masharti ya mazingira yangekuja kugeuzwa vikwazo vya biashara.

Labda wengi wenu hamjaona kazi hii ya mashauriano inavyofanyika. Andiko liko kwenye skrini. Nchi ikipinga kifungu, kinafungiwa kwenye mabano ya mraba, na mabano hayo yanaweza kukaa wiki nzima. Mwishoni mwenyekiti husambaza rasimu na kutaja saa: ikifika bila mtu kuvunja kimya, imekubaliwa. Utaratibu huu hauna huruma kwa ujumbe wa watu wawili unaofuatilia vyumba vinne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nchi ndogo hujibanza nyuma ya kundi, na kundi likigawanyika, hupwaya.

Matokeo yalikuwa nusu shari. Rio+20 iliamua nchi zote ziwe wanachama wa chombo cha uongozi cha UNEP, na chombo hicho, sasa kikiitwa Baraza la Mazingira, kikakutana Nairobi kwa mara ya kwanza Juni 2014. Kwa hiyo swali la viti lilipata jibu. Ombi la fedha zaidi kutoka bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa liliandikwa pia, lakini Mfuko wa Mazingira wa UNEP umebaki wa hiari: atakayetoa atoe.

Badala ya tume likaja Jukwaa la Kisiasa la Ngazi ya Juu, kwa azimio la Julai 2013, baada ya mashauriano yaliyoongozwa na Brazil na Italia. Marais hukutana kila baada ya miaka minne chini ya Baraza Kuu, na kila mwaka jukwaa hukaa chini ya Baraza la Uchumi na Jamii. Hapa nchi huwasilisha tathmini zao za hiari kuhusu utekelezaji wa malengo ya maendeleo endelevu. Ripoti huandikwa na serikali yenyewe, huwasilishwa kwa dakika chache, kisha hufuata maswali, mara nyingi kutoka kwa marafiki. Sijaona ndani ya azimio hilo kifungu kinachompa yeyote uwezo wa kuirudisha ripoti kwa mwenyewe na kumwambia: hii haijajibu suala la fedha.