Toa Upepo Kwanza: Kuvuka Jangwa la Simpson kwa Gari

Shikamooni wazee wa usukani. Vijana, hamjambo?

Matope siwezi kuwafundisha. Humu ndani kuna watu waliolala Ndutu ndani ya gari wakati wa masika, asubuhi wakajikwamua na wageni wakawahi ndege. Leo tuongee mchanga, tena mchanga wa mbali: Jangwa la Simpson, katikati ya Australia, pale Australia Kusini inapopakana na Queensland na Northern Territory.

Pale kuna matuta ya mchanga yapatayo 1,100, yamejipanga sambamba, mengine yana urefu wa kilomita 200. Ukitoka magharibi kwenda mashariki unayakata moja baada ya jingine kama jahazi linavyokata mawimbi. Njia maarufu inaitwa French Line. Ilichongwa mwaka 1963 na kampuni ya Kifaransa iliyokuwa ikitafuta mafuta, na mtafuta mafuta hana habari na dereva: amepiga mstari ulionyooka, tuta likiwa mbele analipanda. Mwaka mmoja kabla yao, mwanajiolojia Reg Sprigg alivuka jangwa hilo kwa gari, wa kwanza kufanya hivyo, tena akiwa na mkewe Griselda na watoto wao wawili. Wangu mimi, kabla hatujafika Moshi wameshaniuliza mara ishirini kama tumefika.

Sasa upepo. Mount Dare ndiyo kituo cha mwisho cha mafuta upande wa magharibi. Unajaza tangi, unajaza na madumu, maana kituo kinachofuata ni Birdsville, zaidi ya kilomita 400 mbele, na gari kwenye mchanga linakunywa dizeli kuliko kwenye lami. Halafu unafanya jambo ambalo dereva wa kwetu analiogopa: unatoa upepo. Tairi lililokuwa na psi 36 kwenye geji unalishusha hadi 18, hata 16. Watu hudhani tairi linapanuka. Linapanuka kidogo tu, zaidi linarefuka. Inama ulichungulie: pale linapogusa chini pamekuwa parefu, kama mtu aliyekuwa anakanyagia kisigino sasa kaweka unyayo wote. Uzito ni ule ule, ila umetandazwa, na tairi linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ngamia walipelekwa Australia katika karne ya 19 kubeba mizigo, leo wanazurura huko bila mwenyewe, na mguu wao umeumbwa hivyo hivyo.

Haya yote niliyajua, na bado nikajifanya mjuaji. Gari lilikuwa la kukodi, nikaogopa kuharibu matairi ya watu, nikabaki na 26. Tuta la tatu au la nne nikakanyaga mafuta nipande kwa kasi. Gari likarukaruka, likapunguza mwendo, kisha nikasikia tumbo limekaa mchangani. Hapo ukiendelea kukanyaga unajichimbia mwenyewe. Nikashuka na koleo. Mwenyeji wetu, mzee mmoja mpole, hakuniambia kitu. Alichutama, akaminya vali kwa njiti ya kibiriti: tssss. Tairi moja, la pili, hadi yote manne. Nikaweka rivasi, gari likatoka lenyewe kwa kufuata alama zake. Ndipo akanionyesha mashimo yaliyofuatana kwenye mteremko mzima. Huchimbwa na watu kama mimi, akasema: upepo mwingi, mguu mzito.

Juu ya tuta huoni anayekuja. Kwa hiyo kila gari lina bendera iliyosimama mita 3.5 kutoka ardhini, na redio kol haizimwi. Upande wa mashariki matuta ni makali zaidi, ndiyo maana anayeanza anashauriwa atokee magharibi.

Ila kuna watu waliolijua jangwa hilo bila tairi wala dizeli. Wangkangurru, wenyeji wa asili wa huko, waliishi humo kwa kutegemea visima vinavyoitwa mikiri, vyembamba, vilivyochimbwa kwa mkono kwenda chini mchangani. Mwaka 1886 mpima ardhi David Lindsay aliongozwa na mmoja wao, kisima hadi kisima. Mpaka mwaka 1900 hivi wenyewe walikuwa wameshahama. Ukipita na friji yako nyuma ya gari, heshima inakushika.

Kiangazi cha kule hakuna mzaha: hifadhi ya jangwa hilo hufungwa tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Na gari likifa, usiliache ukaenda kutafuta msaada kwa miguu. Kaa kivulini mwake na maji yako. Rubani anaona gari kabla hajaona mtu.

Nimeongea vya kutosha. Geji ninayo mfukoni, na pale nje kuna Landcruiser lina 38 kila tairi, nimelipima wakati naingia. Twendeni tukalitoe upepo, maswali mtaniuliza huko huko. Mwenye gari asinune, kompresa ipo.