Kilomita 21 kwa Mara ya Kwanza: Fika Mwisho na Kucha Zako Zote

Haya, habari zenu ndugu zangu, karibuni tena Kigoma, mwisho wa reli. Nipo sokoni Mwanga, na hizi zilizopangwa nyuma yangu ndizo raba ninazouza. Ni za mtumba, lakini nimezichagua moja moja. Wateja wengi wakishalipa wananiuliza swali lilelile: "Kaka, na mimi nikianza leo, ishirini na moja nitaimaliza?" Utaimaliza. Mimi nimeimaliza, kule Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, na sijawahi kuwa mkimbiaji wa shule wala wa jeshi. Leo nakuelekeza kuanzia raba mpaka siku ya pili yake. Kuna sehemu moja nitaing'ang'ania sana, nayo ni kamba za viatu, kwa hiyo usiruke mbele.

Hesabu kwanza, haraka haraka. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Mtanzania mwenzetu Fabiano Joseph alichukua ubingwa wa dunia wa umbali huu mwaka 2005 kule Edmonton, Kanada, kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Hiyo ni chini ya dakika 3 kila kilomita! Huwa namsimulia hapa sokoni mpaka majirani wamemjua. Sasa wewe wa mara ya kwanza chukua dakika 8 kwa kilomita. Utamaliza kwa saa 2 na dakika 49 hivi. Ukiwa mwepesi, dakika 7, utamaliza saa 2 na nusu kasoro kidogo. Mimi nakushauri 8. Shika hiyo 8.

Raba. Mpwa wangu, sogeza simu hapa. Hii na hii, kwa macho zote nzuri, eti? Bonyeza hapa pembeni, kwenye lile sponji kati ya soli na mguu. Hii inaingia kidogo halafu inarudi juu kama andazi la moto. Hii nyingine ngumu, kidole hakiachi hata alama. Imekaa miaka stoo, sponji limekufa. Ukikimbilia hiyo, magoti yatakudai. Ya pili, ikunje. Ikunjike huku mbele penye vidole. Ikikunjika katikati, rudisha kwenye meza, hata kama ni yangu. Ya tatu, geuza utazame kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa anakanyagia upande huo, na wewe itakulazimisha ukanyage hivyohivyo.

Njoo kununua jioni. Mguu wa jioni umevimba kidogo, na mguu wa kilomita ya 15 umevimba zaidi. Kati ya kidole kirefu na ncha ya raba pabaki upana wa kidole gumba. Mteja akiniambia "imenikaa sawasawa kabisa", mimi namletea saizi inayofuata.

Haya, kamba. Mpwa wangu, piga magoti, nataka waone matundu. Karibu zaidi. Hapo.

Mnaona juu kabisa, karibu na enka, kuna tundu la ziada ambalo watu wengi hawalitumii? Hilo halikuwekwa kwa urembo. Hilo ndilo linalozuia mguu usiteleze kwenda mbele ukiwa unateremka. Mguu ukiteleza, vidole vinagonga ncha ya raba, na kwenye nusu marathoni vinagonga maelfu ya mara. Kucha inakuwa nyeusi, halafu inang'oka.

Vaa raba. Kabla hujagusa kamba, gonga kisigino chini. Hivi. Gonga mara mbili, tatu, mguu urudi nyuma ujae kwenye kisigino cha raba. Umegonga? Sasa funga kamba kwa kupishanisha kama kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu. Simama hapo. Kamba ya kulia, usiivushe kwenda kushoto. Iingize kwenye tundu la juu la upande wake huohuo, kulia kwa kulia, lakini usiivute yote, acha kitanzi kidogo. Kinatosha kupita kidole. Kushoto vilevile. Sasa una vitanzi viwili vinatazamana. Kamba ya kulia ipite ndani ya kitanzi cha kushoto, ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia...

Subiri bodaboda ipite. Ndiyo, pita kaka yangu, pita. Haya.

...halafu sasa vuta. Hapa ndipo pa kuwa makini. Usivute kwenda juu. Vuta kwenda chini na nyuma, kuelekea kisigino. Ukivuta kwenda juu, kitanzi hakibani, kinakaa tu. Ukivuta kwenda nyuma, unaona, kinajifunga penye enka na sehemu ya juu ya mguu inabaki huru. Na hapo juu ya mguu, pasikazwe. Narudia, juu ya mguu pasikazwe. Pakikazwa, ukifika kilomita ya 6 vidole vinaingia ganzi na utalazimika kusimama kufungua kamba huku wenzako wanakupita. Kaza penye enka, legeza juu ya mguu.

Mguu wa pili. Gonga kisigino... Ah! Imekatika. Mmeona? Kamba imekatika mbele yenu. Usizime, mpwa wangu, endelea kuchukua, hii ni nzuri. Angalieni hapa ilipokatikia, imekuwa nyembamba, imesagwa na ukingo wa tundu. Kamba za mtumba zinakuja zimechoka, kwa hiyo raba nzuri ipe kamba mpya. Nunua za bapa, za mviringo zinafunguka zenyewe njiani. Na uzivalie mazoezini kwanza, siyo asubuhi ya mbio. Nipe zile nyeupe. Asante. Haya, narudia, na wewe fanya nami: gonga kisigino, pishanisha, kulia kwa kulia, kitanzi, vusha, vuta nyuma. Fundo mara mbili. Simama, panda juu ya vidole. Kisigino kikinyanyuka ndani ya raba, fungua uanze upya. Usiseme "itajikaza mbele ya safari". Haijikazi.

Sasa mazoezi. Jipe wiki 12, siku tatu kwa wiki zinakutosha. Siku mbili fupi, dakika 30 au 40, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi. Siku ya tatu ni ndefu. Anza na kilomita 6, ongeza moja au mbili kila wiki, na kila baada ya wiki tatu punguza moja ili mwili upumue. Ukifika 16 au 18 imetosha, 21 yenyewe iache kwa siku yake. Wiki ya mwisho kimbia kidogo sana, hata ukijisikia una nguvu za ng'ombe. Hapo wengi wanaharibu: wanaona mwili mwepesi, wanaenda kujipima siku tatu kabla ya mbio.

Kwa sisi wa hapa, njia yangu ni hii. Shuka stesheni, lile jengo la Wajerumani. Reli ilifika hapa 1914. Kutoka pale geuka, panda mlima wa barabara ya Lumumba mpaka Mwanga. Ule mlima ndio mwalimu wangu. Siku za kwanza utautembea, hakuna tatizo, tembea kwa mikono inayofanya kazi. Ukishazoea, nenda njia ya Ujiji mpaka makumbusho ya Livingstone, pale walipokutana na Stanley mwaka 1871, halafu geuza. Pima kwa simu yako, usiamini kilomita za madereva wa bajaji. Napenda kurudi kutoka Ujiji asubuhi kwa sababu kina mama wanakuwa wanapanga dagaa na migebuka, na watu wanakusalimia njia nzima. Salamu zile zinasukuma.

Jambo la giza. Sisi tuko magharibi, jua linatufikia zaidi ya nusu saa baada ya watu wa Dar. Saa 12 kamili wao wanaona njia, sisi bado giza. Kwa hiyo vaa nguo nyeupe au ya njano, kimbia upande unaotazamana na magari, na ukiweza mtafute mwenzako. Dada zangu hasa, jiungeni na kikundi cha jogingi. Ni furaha, na ni usalama.

Upepo huo kutoka ziwani, samahani kwa sauti. Twende huku nyuma ya kibanda.

Chakula. Usiku kabla ya mbio kula unachokijua. Wali, ndizi, viazi vitamu, kipande cha samaki. Mawese nayapenda kuliko mafuta yote, lakini usiku huo yapumzishe, na maharage pia, tumbo likae kimya. Asubuhi, masaa mawili au matatu kabla ya kuanza, kunywa uji na ule ndizi moja au mbili. Maji kunywa kidogo kidogo ukisikia kiu. Usijaze tumbo maji lita kwa lita, kwa sababu maji yakizidi sana chumvi ya damu inashuka na mtu anaweza kuzimia, hata kufa. Na tafadhali, hili nalisema kwa uzito: usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili "kuzuia maumivu mapema". Mwili ukiwa umeishiwa maji, dawa hizo zinaumiza figo. Kama kuna maumivu yanayotaka dawa kabla hujaanza, hiyo mbio siyo yako leo.

Siku yenyewe. Paka mafuta ya mgando kwapani, kati ya mapaja, kwenye vidole vya miguu, na wanaume, kwenye chuchu. Ndiyo, chuchu. Fulana yenye jasho inasugua mpaka damu, nimeona watu Moshi wamefika na mistari miwili myekundu kifuani. Namba ibandike kwa pini nne, kila pembe, isipepee. Soksi ni zile ulizozizoea. Kila kitu ni kile ulichokizoea.

Kule Moshi tulianzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Watu wengi, muziki, kila mtu anaruka ruka, halafu ikitolewa ishara ya kuanza wote wanaondoka kama wanafukuzwa. Usiwafuate. Ndugu yangu, usiwafuate! Kilomita 5 za kwanza kimbia polepole mpaka uone aibu. Wazee watakupita, watoto watakupita, waache waende. Halafu njia inaanza kupanda kuelekea Mweka, na inapanda kweli, siyo kidogo. Pale nikaona faida ya mlima wetu wa Lumumba. Nilifupisha hatua, nikatazama mita chache mbele, mikono ikafanya kazi, na wale walioondoka kwa kasi nikawakuta wameshika viuno. Sikuongeza mwendo hata mara moja, ni wao waliopunguza.

Ukigeuka kuanza kuteremka, simama. Pembeni, usizibe njia. Gonga kisigino, kaza kamba penye enka, ondoka. Sekunde 20 tu. Utakumbuka nilivyosema: kuteremka ndiko kunakokula kucha. Usijitupe kwa sababu mteremko unakubeba, mapaja ndiyo yanayofanya kazi ya breki. Hatua fupi, nyingi, miguu itue chini ya mwili wako.

Penye maji, tembea. Chukua kikombe, kibane mdomo kwa vidole kiwe na kijipua, kunywa mafunda mawili, endelea. Kichomi kikikubana ubavuni, punguza mwendo, toa pumzi kwa nguvu mpaka mapafu yaishe hewa. Misuli ya vigimbi ikibana, simama uinyooshe taratibu, usiipige ngumi.

Kuanzia kilomita ya 17 huko ni kugumu. Hapo usihesabu zilizobaki. Mimi nilikuwa nachagua nguzo ya umeme, nikifika nachagua nyingine. Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, amevaa kanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, mwendo wake haubadiliki. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nisaidie mwendo." Akanijibu, "Marahaba mwanangu, twende." Hatukuongea tena. Tuliingia uwanjani pamoja, na nilipovishwa ile medali nililia, sikujificha.

Ukimaliza, usikae chini. Tembea dakika 10, 15. Kunywa maji yenye chumvi na sukari, ile ya pakiti wanayopewa wanaoharisha inafaa sana, kula ndani ya saa moja, badilisha fulana iliyolowa. Kesho yake ngazi utazishuka kinyumenyume, ni kawaida. Tembea kidogo, usilale siku nzima. Lengelenge likitokea usilichune ngozi. Maumivu ya misuli yanaisha siku tatu nne. Maumivu ya sehemu moja tu, kwenye mfupa au kwenye goti, yanayozidi kila ukikanyaga, hayo nenda hospitali.

Mzigo mpya nimefungua jana, saizi 38 mpaka 44 zipo, za kina dada zipo nyingi. Kila raba naitoa na kamba mpya za bapa, na nakufunga mwenyewe hapahapa mpaka uweze. Njooni jioni, si mnakumbuka.