Kibapa Kinachomwonya Rubani: Mhadhara kwa Wajenzi wa Ndege Ndogo

Ndugu wajenzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kibapa, kijibamba chepesi chenye swichi kinachochomoza kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kifaa kidogo ambacho mjenzi akikikosea mahali kwa milimita chache, huwa amejifungia pambo tu. Kazi yake ni kumwonya rubani kwamba bawa linakaribia stoli, yaani hewa kubanduka juu ya bawa na bawa kushindwa kuibeba ndege.

Wengi wetu tulifundishwa kuiogopa stoli kwa kutazama kipimo cha mwendo, ilhali kinachoileta ni pembe. Bawa la ndege nyepesi likiikabili hewa kwa takriban digrii 15 au 16 hushindwa, liwe linakwenda polepole au kwa kasi. Ndiyo maana ndege iliyolala digrii 60 kwenye kona, bila kupoteza kimo, hufikia stoli kwa mwendo uliozidi ule wa kawaida kwa asilimia 41, na mshale wa mwendo haumwambii rubani neno.

Kwenye ukingo wa mbele wa bawa, pale hewa inapogawanyika, nyingine ikapita juu na nyingine chini, pana mstari unaoshuka kadiri pembe inavyoongezeka. Mstari ukiwa juu ya kibapa, hewa hukikandamiza. Ukishuka chini yake, hewa hukiinua, swichi ikaunganisha umeme na honi ikalia. Kwa hiyo kibapa kikipandishwa, onyo huwahi, kikishushwa, huchelewa.

Basi msikimbilie kutoboa bawa. Changu nilikibandika kwanza kwa utepe imara, mbali na upepo wa propela, nikapanda hadi kimo cha kutosha kujinasua, kisha nikapunguza mwendo taratibu huku mwenzangu akiandika mwendo honi ilipolia na mwendo bawa liliposhindwa. Safari ya kwanza honi ililia pua ya ndege ikiwa tayari inaanguka. Hilo si onyo, ni rambirambi. Nilikipandisha milimita 3, nikaruka tena, nikakipandisha tena, hadi pengo kati ya miendo hiyo miwili likazidi kidogo maili 5 za baharini kwa saa, kiwango cha chini ambacho kanuni za Marekani zilidai kwa miaka mingi kwa ndege nyepesi zinazojengwa viwandani. Jaribio hilo lirudiwe flapu, yaani vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa, zikiwa zimeshushwa, kwa kuwa nazo huuhamisha ule mstari.

Waya wa swichi hii ukikatika, hakuna dalili. Honi hukaa kimya kama siku zote. Kabla ya kila safari, washeni umeme na mkiinue kibapa kwa kidole.

Asiye na betri anaweza kuiga Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo, ambayo ina tundu kwenye ukingo wa bawa: pembe ikizidi, hewa hufyonzwa kupitia tundu hilo na kupuliza filimbi iliyo ndani. Ukaguzi wake huwachekesha watazamaji, maana rubani huweka leso safi juu ya tundu, akabandika mdomo na kunyonya mpaka asikie mlio. Leso hiyo msiidharau, kwani nyigu hupenda sana matundu ya namna ile.