Deni la Kadi Usilihamishie Kwenye Nyumba

Ndugu zangu mlionunua nyumba hapa Marekani, hili nimelisema kwenye vikao vingi na leo nalirudia: msilihamishie deni la kadi ya mkopo kwenye nyumba kwa sababu tu mmeambiwa riba itashuka.

Tupige hesabu. Unadaiwa dola 15,000 kwenye kadi, riba asilimia 24 kwa mwaka. Riba peke yake ni kama dola 300 kwa mwezi, kwa hiyo ukilipa 350 deni limepungua 50 tu. Anakuja mtu wa benki na mkopo wa pili juu ya nyumba, yaani mwingine unaowekewa nyumba dhamana mbali na ule wa kuinunua: asilimia 9, miaka 15, marejesho dola 152 kwa mwezi. Moyo unatulia. Sasa zidisha 152 kwa miezi 180. Utalipa zaidi ya 27,000, na humo riba ni kama 12,400. Ungebaki na kadi ileile, usinunulie kitu tena, ukalipa 589 kila mwezi, ungemaliza kwa miezi 36 na riba isingefika 6,200. Riba ndogo imekugharimu mara mbili ya riba kubwa, na kilichokula ni muda.

Kuna anayesema moyoni, "Mimi nitachukua wa asilimia 9, na bado nitalipa 589." Vizuri, utamaliza ndani ya miezi 29. Lakini kadi iliyorudi sifuri utaiacha? Hapo ndipo watu wanapoanguka: kadi inajaa upya, na mkopo wa nyumba bado upo palepale. Sasa wana madeni mawili.

Tena deni la kadi halina dhamana. Ukishindwa, kampuni lazima ikushtaki na kupata hukumu, na hata hapo majimbo kama Texas na Florida yanailinda sana nyumba unayoishi. Ukilihamisha, umeiweka nyumba rehani kwa nguo na tiketi za ndege za mwaka juzi. Aliyekupa mkopo wa pili anaweza kuinadi hata kama ule wa kwanza unaulipa bila kukosa.

Na msiniambie habari za nafuu ya kodi! Tangu 2018 riba ya mkopo wa nyumba uliolipia kadi haipunguzi kodi ya mapato.

Mwezi ukibana, tangulizeni mkopo wa nyumba, kodi ya jengo inayolipwa serikalini na bima ya nyumba. Bima ikikatika, benki hununua yake, mara nyingi ghali zaidi, na bili inakuja kwako. Kisha kiwango cha chini kinachotakiwa kwa kila kadi. Kinachobaki chote kiende kwenye kadi yenye riba kubwa kuliko zote. Taarifa ya mwezi ya kadi, kwa sheria ya 2009, huonyesha kiasi cha kumaliza kwa miezi 36. Lengeni hicho.

Muda umeniishia, niseme haraka. Kuhamishia salio kwenye kadi ya riba sifuri kuna ada, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5. Deni likisamehewa dola 600 au zaidi, mtapata fomu 1099-C, ile ya kodi inayoonyesha deni lililofutwa, na huenda mkatozwa kodi. Na aliyesaini jana mkopo wa pili kwenye nyumba anayoishi: una siku 3 za kazi kuuvunja, kwa maandishi, na Jumamosi inahesabiwa.